Mama anahema akitembea: apumzike au afanye mazoezi?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mama yangu ana miaka 64, ni mama lishe mstaafu hapa Morogoro, amepika kwa kuni na mkaa maisha yake yote. Hospitali walimkuta na ugonjwa sugu wa mapafu, wakampa pampu ya kuvuta na kushauri mazoezi ya nyumbani. Lakini akienda tu bombani anahema, kwa hiyo tumemkataza kazi zote. Tumemnunulia maputo ayapulize ili mapafu yapanuke. Pia kuna mtu anauza dawa ya kusafisha mapafu. Tumpe?

JIBU: Marahaba. Maputo wapeni wajukuu wachezee, na mama mwacheni aende bombani.

Mapafu yaliyoharibiwa na moshi hayarudi kuwa mapya, na wala hilo silo lengo la mazoezi. Tunachotafuta ni miguu. Msuli wa paja usiotumika hunyauka, na ukishanyauka, hata safari ya chooni inadai hewa nyingi. Mgonjwa anahema mapema kuliko jana, anaogopa, anakaa. Nakuta nyumba ambazo mtu analetewa hadi maji ya kunawa kitandani, na ndugu wanajisifu kwamba wanamtunza. Wanammaliza! Kuhema kwa ajili ya mazoezi hakuharibu mapafu. Kampala, katika Hospitali ya Mulago, watu waliobaki na mapafu mabovu baada ya kifua kikuu walifanyishwa mazoezi kwa wiki 6; matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha wanatembea mbali zaidi kuliko mwanzo.

Kama pampu yake ni ile ya kufungua kifua haraka, avute kama alivyoelekezwa, dakika chache kabla ya kuanza. Wengi hupulizia dawa yote ulimini. Chukueni chupa safi ya maji ya nusu lita, mtoboe kitako tundu la kubana mdomo wa pampu, yeye avutie kwenye shingo ya chupa.

Kisha kiti kigumu, kiegemezwe ukutani (cha plastiki kwenye sakafu ya marumaru kitamwangusha). Akunje mikono kifuani, asimame, akae, arudie mpaka mapaja yachoke. Halafu atembee mahali tambarare, mbali na jiko la mkaa. Aanze na dakika 5, akipumzika anapohitaji, aongeze taratibu hadi 20 au 30, siku nyingi za wiki, kwa wiki 8 angalau. Kipimo ni mdomo wake: aweze kukujibu sentensi fupi, lakini asiweze kuimba. Asipohema kabisa, hajafanya kitu. Pumzi ikimzidi asimame, ainame mikono ikiwa magotini, avute hewa kwa pua na kuitoa polepole kama anayepoza chai.

Aache mara moja akiumwa kifua, akisikia kizunguzungu, midomo ikigeuka rangi, au oksimita (kile kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni), kama mnayo, ikishuka chini ya asilimia 88. Na kama anakohoa damu, anakonda au analoa jasho usiku, apimwe makohozi kwanza, mazoezi yatasubiri.

Sasa huyo muuza dawa. Moshi umebomoa kuta za vifuko vya hewa na kubana njia zake. Uharibifu huo si uchafu unaongoja kuoshwa na dawa yake ya chupa. Na kujifukiza nako nimeona kumeacha watu na malengelenge ya mvuke.

Dawa isiyofanya kitu ni hasara ya hela tu. Inayonitisha ni ile "inayofanya kazi" kwa siku mbili: mgonjwa anakula, analala, anasifu. Hapo nashuku imechanganywa na deksa (deksamethasoni, dawa kali ya jamii ya steroidi), ileile ambayo wengine hujinunulia vidonge vyake dukani bila cheti. Daktari anaweza kukupa dawa za jamii hiyo kwa siku chache kifua kikichachamaa. Ukizimeza miezi, zinapandisha sukari na presha, zinadhoofisha mifupa, na zinakula misuli ya mapaja ileile tunayohangaika kuijenga.

Kama mama ameshaanza kuitumia na wiki kadhaa zimepita, msiikatishe ghafla, maana huenda mwili umeshaizoea na ukazidiwa. Mpelekeni hospitali, na chupa yenyewe mkononi.