Maswali ya Wasomaji: Usingizi wa Jumapili, Mashine ya Presha na Mengineyo

SWALI: Siku za kazi naamka saa 12 asubuhi, lakini Jumamosi na Jumapili hulala hadi saa 4 ili kufidia. Jumapili usiku napanda kitandani saa 5 na kugaagaa mpaka saa 8. Jumatatu nzima najisukuma kwa kahawa, ya mwisho saa 11 jioni. Nifanyeje?

JIBU: Tatizo lako linaanza asubuhi, si usiku. Hamu ya usingizi hujengeka kadiri mtu anavyokaa macho. Siku ya kazi, ikifika saa 5 usiku umeshakaa macho kwa saa 17. Jumapili ni saa 13 tu, kwa hiyo mwili bado hauna haja ya kulala. Isitoshe, saa ya mwili hupangwa na mwanga wa asubuhi, nawe kwa siku mbili mfululizo umeuona mwanga huo kwa kuchelewa.

Shika muda mmoja wa kuamka siku zote 7. Mwisho wa juma ukizidisha, usizidishe saa moja. Ndani ya saa ya kwanza toka nje, hata kukiwa na mawingu, maana mwanga wa nje huzidi wa taa za ndani mara nyingi. Siku chache za mwanzo utasinzia mchana. Ukishindwa kuvumilia, jilaze dakika 20 kabla ya saa 9 alasiri, si zaidi, na usiendeshe gari ukiwa na usingizi.

Kahawa ya saa 11 jioni nayo ina lake. Kwa watu wengi, nusu ya kafeini huwa bado imo mwilini baada ya saa 5 hivi, yaani saa 4 usiku, wakati unajiandaa kulala. Kikombe cha mwisho kiwe saa 8 mchana. Chai ya majani na soda za kola pia zina kafeini; wengi huacha kahawa wakasahau hizo. Pombe nayo si msaada: inakulaza haraka, kisha inaukatakata usingizi wa nusu ya pili ya usiku.

Usingizi ukikataa kwa muda unaohisi kama dakika 20, toka kitandani. Tunasema "unaohisi" makusudi, kwa sababu kutazama saa kunaongeza wasiwasi. Kaa penye mwanga hafifu, fanya jambo lisilosisimua, urudi macho yakianza kuwa mazito. Kosa ambalo karibu kila mtu hulifanya ni kuwahi kitandani saa 3 ili "kupata muda wa kutosha". Hapo unaongeza saa za kukodoa macho gizani, na ubongo unazoea kwamba kitanda ni mahali pa kuwaza.

Hali hii ikijirudia usiku 3 au zaidi kwa juma kwa muda wa miezi 3, mwone daktari. Usingoje miezi hiyo kama unakoroma kwa nguvu na watu wanakuona ukikatika pumzi.

SWALI: Nimenunua mashine ya kupimia presha. Jana ilisoma 148 kwa 92, baada ya dakika mbili 131 kwa 84. Nimeuziwa mbovu?

JIBU: Huenda ni nzima. Kipimo cha kwanza mara nyingi huwa juu, hasa kama umetoka kutembea au unaongea. Nusu saa kabla ya kupima usivute sigara, usinywe kahawa wala kufanya mazoezi. Nenda haja ndogo kwanza, kwani kibofu kilichojaa hupandisha presha. Keti dakika 5 kimya, mgongo umeegemea, nyayo zote mbili sakafuni, miguu bila kupishanishwa. Mkono ulale mezani, mkanda ukiwa usawa wa moyo na juu ya ngozi, si juu ya shati. Pima mara 2, ukiacha dakika moja katikati.

Fanya hivyo asubuhi na jioni kwa siku 7, andika zote, tupa za siku ya kwanza, kisha tafuta wastani wa zilizobaki. Wastani wa nyumbani ukifika 135 kwa 85, mpelekee daktari daftari lako. Ukiwa tayari una dawa, usiipunguze wala kuiongeza mwenyewe.

Angalia pia saizi ya mkanda: pima mzunguko wa mkono katikati ya bega na kiwiko, ulinganishe na namba zilizoandikwa kwenye mkanda. Mkanda mdogo husoma juu kuliko hali halisi. Ukiona 180 kwa 120 au zaidi pamoja na maumivu ya kifua, kukosa pumzi, udhaifu wa upande mmoja au ulimi kuwa mzito, nenda hospitali papo hapo.

SWALI: Dakika 10 za kutembea mara 3 kwa siku ni sawa na 30 za mfululizo?

JIBU: Ndiyo. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa juma, na tangu mwongozo wa 2020 halidai tena kila kipande kifike dakika 10. Kasi ndiyo inayowaponyoka wengi: uweze kuongea, lakini usiweze kuimba. Kutembea peke yake hakutoshi kwa misuli. Siku 2 kwa juma, simama na kuketi kwenye kiti bila kushika kitu, mara 8 hadi 12, mizunguko 2 au 3. Kisha usukume ukuta kwa idadi hiyohiyo. Mara 12 zikiwa rahisi, shuka polepole zaidi.

SWALI: Nipige mswaki mara baada ya kunywa juisi ya machungwa?

JIBU: Hapana. Asidi hulainisha ngozi ya nje ya jino kwa muda, na mswaki huikwangua. Sukutua kwa maji, subiri nusu saa, au piga mswaki kabla ya juisi. Ukimaliza, tema povu bila kusukutua, ili floridi ya dawa ibaki kwenye meno.