Mashine tatu zimefungwa na kiingilio umelipa kamili: jibu la fundi

Mleta mada, pole na siku ile. Nimeamua kukujibu kwa urefu kwa sababu wengi waliotangulia wamekujibu kwa hasira tu. Kwa ambao hawakusoma mwanzo wa uzi: mwenzetu kasafiri na mkewe na watoto kutoka Dar hadi Falme za Kiarabu, kawalipia wote kiingilio cha bustani ya michezo, kufika ndani kakuta mashine tatu zimefungwa, mojawapo ile rolakosta (treni ya michezo inayokimbia juu ya reli yenye milima na mikunjo) kubwa ambayo mwanawe aliisubiri mwaka mzima. Nyingine waliyoipanda ikasimama njiani, juu kabisa kwenye mlima wa mnyororo, yaani ule ambao treni huvutwa kupanda kwa mnyororo, wakakaa huko kama dakika kumi. Anauliza: tumeibiwa? Na zile mashine ni salama kweli?

Nimefanya kazi ya matengenezo kwenye bustani ya aina hiyo huko huko Ghuba kwa miaka kadhaa, mwanzo zamu ya usiku, baadaye zamu ya asubuhi. Watanzania, Wakenya na Waganda tulikuwepo, wengi wakiwa maopereta na wapokea wageni, wachache tukiwa karakana. Kwa hiyo ninayoyaandika hapa nimeyashika kwa mikono. Kule kusimama juu mlimani kulikuwa ni usalama wenyewe ukifanya kazi. Kwenye hela una haki ya kulalamika, ila lalamiko lako umelielekeza pasipostahili.

Nianze na kusimama, maana ndicho kilichomtisha mtoto.

Reli ya rolakosta imegawanywa vipande vipande, na kanuni ni moja: kipande kimoja, treni moja. Mwisho wa kila kipande kuna mahali ambapo treni inaweza kusimamishwa, ama kwa breki, ama kwa kuzima mnyororo wa kupandishia. Sensa zilizofungwa pembeni mwa reli zinahesabu treni inapoingia na inapotoka. Kompyuta isipopata uhakika kwamba kipande cha mbele kiko wazi, hairuhusu treni ya nyuma kuendelea. Haibahatishi. Inaweza kuwa treni ya mbele imechelewa kituoni kwa sababu mama mmoja hajafunga mkanda, inaweza kuwa sensa moja imetoa taarifa tofauti na mwenzake, inaweza kuwa mtu kaangusha simu na opereta kabonyeza kitufe. Kwa abiria yote yanaonekana ni kitu kimoja: tumekwama. Na ule mlio wa tak tak tak mnaousikia wakati wa kupanda ni ndoano za chuma chini ya treni zikidondokea kwenye meno yaliyo katikati ya reli. Hata mnyororo ukikatika, treni hairudi nyuma.

Kisha zikapita zile dakika kumi mlizokaa. Najua zilivyo ndefu ukiwa juu, jua linawaka na mtoto analia. Lakini dakika hizo kuna fundi alikuwa anatembea kwa miguu kuangalia kwa macho yake kwamba mbele hakuna kitu, kabla ya kuiambia kompyuta iendelee. Hatua hiyo ndiyo iliyokosekana Alton Towers, Uingereza, tarehe 2 Juni 2015, kwenye rolakosta inayoitwa Smiler. Siku hiyo kulikuwa na upepo, na gari tupu lililotumwa kwa majaribio lilishindwa kumaliza mzunguko, likakwama katikati ya reli. Kompyuta iliona kipande hakiko wazi, ikaisimamisha treni iliyokuwa na watu 16. Mafundi hawakujua kwamba kuna gari limekwama mbele. Wakadhani kompyuta imekosea, wakaipuuza na kuiachia treni wao wenyewe kwa mkono. Ikaligonga lile gari. Wasichana wawili walipoteza mguu kila mmoja, na wengine wakaumia vibaya. Mwaka 2016 kampuni inayoendesha bustani ile ilitozwa faini ya pauni milioni 5. Mahakamani haikuonekana kwamba mashine ndiyo iliyoharibika. Kilichokosekana ni utaratibu unaomlazimisha fundi kuhesabu treni zote na kuziona kabla ya kugusa kitufe.

Tulifundishwa kisa hicho karakana kama watoto wanavyofundishwa sala. Ndiyo maana nasema bila kusita: bustani inayowaacha mkae juu dakika kumi naiamini kuliko inayowaachia baada ya sekunde ishirini.

Sasa njoo asubuhi, kabla geti halijafunguliwa. Wageni wanaingia mchana, sisi tuko pale tangu alfajiri. Unalala chali kwenye shimo chini ya treni, tochi mdomoni, unazungusha gurudumu moja moja kwa mkono. Kila kiunzi cha magurudumu kina aina tatu: yanayobeba uzito juu ya reli, yanayobana pembeni, na yanayopita chini ya reli ili treni isiruke. Unalizungusha huku umeweka kiganja kwenye ekseli, kwa sababu beringi inayoanza kufa unaisikia mkononi kabla hujaisikia sikioni, inakwaruza kidogo kama ina mchanga. Na kule Ghuba kweli huwa na mchanga, vumbi laini kama poda linaingia kwenye grisi hata ukifunga vipi. Kisha unaangalia ule mpira mgumu unaozunguka gurudumu. Joto likizidi, mpira unaachana na chuma chake. Ukiona mstari mwembamba kama unywele pale vinapokutana, gurudumu hilo linatoka, hakuna mjadala.

Halafu kuna mistari ya rangi. Kila nati muhimu ikishakazwa kwa kipimo chake, tunachora mstari mmoja unaopita juu ya nati, juu ya bolti, hadi kwenye chuma kilicho chini. Asubuhi huhitaji spana, unahitaji macho tu. Mstari ukiwa umenyooka, nati haijageuka. Ukikatika hata milimita chache, mashine haifunguliwi mpaka ijulikane kwa nini imelegea, maana kuikaza tu na kuondoka si ukarabati. Fundi mitambo anasaini, fundi umeme anasaini, treni zinazunguka tupu mara kadhaa, opereta anajaribu kila chuma cha kubana mapaja kiti kwa kiti, naye anasaini. Bila saini zote, ufunguo hautoki.

Hiyo ni kazi ya kila siku. Kila mwaka kuna nyingine ambayo ndiyo hufunga mashine kwa wiki au miezi. Treni inafunguliwa yote, inabaki vipande mezani. Rangi inakwanguliwa kwenye maungio, na vyuma vinapimwa nyufa zisizoonekana kwa macho, kwa sumaku na unga wa chuma, kwa dawa ya rangi inayopenya ndani ya ufa, au kwa mawimbi ya sauti. Chuma kinachopinda na kunyooka mamilioni ya mara huchoka, na uchovu wake huanza na ufa mdogo sana. Kazi hii huwezi kuifanya usiku mmoja na kufungua asubuhi. Nchi zenye baridi kali hufunga bustani nzima majira ya baridi na kuifanya wakati huo. Bustani za Ghuba, hasa za ndani ya jengo lenye kiyoyozi, zinafungua mwaka mzima, kwa hiyo lazima zifunge mashine moja moja huku wageni wapo. Uwezekano mkubwa ni kwamba mbili kati ya tatu ulizozikuta zimefungwa zilikuwa kwenye ratiba hiyo.

Hiyo ya tatu, ile kubwa, ni habari nyingine. Mashine za kasi sana ndizo zinazosumbua zaidi, dunia nzima. Formula Rossa ya Ferrari World, Abu Dhabi, iliyofunguliwa 2010, inafika kilomita 240 kwa saa ndani ya sekunde kama tano, abiria wanavishwa miwani kwa sababu ya upepo na vumbi. Fikiria gurudumu na kebo vinavyobeba kazi hiyo siku nzima, kila siku. Kingda Ka kule New Jersey, Marekani, ilifunguliwa 2005 ikiwa na kimo cha mita 139 kwenda juu, hakuna rolakosta iliyokuwa na kimo kuliko hiyo, na wapenzi wa michezo hii wote walijua kwamba unaweza kusafiri hadi pale ukaikuta imelala. Wameiangusha kwa baruti Februari 2025. Top Thrill 2 ya Cedar Point, Ohio, ilizinduliwa Mei 2024 kwa shangwe, ikafanya kazi kama wiki moja, ikafungwa msimu wote kwa matatizo ya magari yake. Watu walikuwa wameshanunua pasi za mwaka kwa ajili yake. Ukipanga safari nzima kwa ajili ya mashine moja ya aina hii, jiandae kwamba huenda usiipande.

Sasa hela. Kufunga mashine si wizi. Wizi, kama unataka neno hilo, ni kukuuzia tiketi kwa bei kamili huku wanajua wiki tatu kabla kwamba mashine imefunguliwa vipande mezani, na wasikuambie mpaka umeshapita geti. Ratiba ya matengenezo makubwa haitokei ghafla. Karakana tulikuwa nayo ukutani, tarehe na tarehe. Bustani zenye adabu huiweka kwenye tovuti yao hadharani. Nyingine huificha kwa sababu idara ya mauzo inaogopa. Hilo ndilo la kulalamikia, kwa maandishi na kwa jina la mashine.

Lingine ambalo hukulitaja, lakini naamini ndilo lililokula siku yako kuliko zile mashine tatu, ni foleni. Chukua treni ya viti 24. Ikitoka kituoni kila dakika moja, saa moja imebeba watu 1,440. Ikitoka kila dakika mbili, imebeba 720. Ukiwa mtu wa 700 kwenye mstari, kwa mwendo wa kwanza unapanda baada ya nusu saa, kwa wa pili baada ya karibu saa nzima. Reli ile ile, tiketi ile ile. Tofauti ni idadi ya maopereta wanaokagua mikanda, kama treni ya pili iko relini, na kama mabegi yanapokelewa kabla ya kufika kituoni. Mahali nilipofanya kazi, uongozi uliwahi kupunguza maopereta ili kubana matumizi. Sisi karakana tulikuwa na treni mbili nzima, zimekaguliwa na kusainiwa, moja inashinda bandani kwa kukosa watu wa kuihudumia, huku watoto wanasinzia mabegani mwa baba zao kwenye foleni. Liliniuma kweli, kwa sababu kazi ya usiku mzima ilikuwa imetupwa na mgeni hajui. Na jioni wanauziwa tiketi ya ziada ya kuruka foleni ambayo uongozi wenyewe ndio umeirefusha.

Kwa hiyo ukienda tena, angalia tovuti ya bustani siku moja kabla, na kama hawajaandika chochote kuhusu matengenezo, wapigie uulize mashine kwa jina. Nenda katikati ya wiki, nje ya likizo za shule. Geti likifunguliwa usianze na mashine ya kwanza unayoiona, anza na ile maarufu yenye viti vichache, maana foleni yake ndiyo haitapungua tena siku hiyo. Mpime mtoto urefu nyumbani akiwa na viatu. Mashine kubwa nyingi zinataka sentimita 120, nyingine hadi 140, na opereta hana ruhusa ya kukuhurumia hata kwa sentimita moja. Kuna wanaomvika mtoto visigino ili apite. Ndugu zangu, chuma kile cha kubana mapaja kimetengenezwa kwa mwili wa urefu fulani, ukimpitisha mfupi unampa nafasi ya kuchomoka.

Kuna mwenzetu kauliza vipi kuhusu mabembea ya kuhamahama yanayokuja kwenye maonyesho huku nyumbani. Yale yanafungwa na kufunguliwa kila yanapohama, kwa hiyo hatari yake kubwa iko kwenye pini na miguu. Angalia kama kila pini inayoshika mkono wa kiti ina kibanio chake na si waya au msumari. Angalia magogo chini ya miguu kama yamekaa sawa au yanazama kwenye udongo uliolowa. Mwangalie opereta: macho yake yako kwenye mashine, au yako kwenye simu? Kisha muulize nani aliyekagua leo asubuhi. Anayefanya kazi yake hatakasirika, atakuonyesha.

Mleta mada, la mwisho ni la kwako. Malalamiko ya hela yanasikilizwa siku ile ile, ukiwa bado ndani. Unakwenda dawati la huduma kwa wageni na tiketi zako, unataja mashine zilizofungwa na muda mliokwama, unaomba tiketi za kurudia siku nyingine au punguzo. Nimeona wakitoa mara nyingi, kwa mtu aliyesimama pale kwa utulivu na akaomba kitu mahususi. Kwa kuwa umeshasafiri, waandikie barua pepe wiki hii, ambatisha risiti na picha za vibao vya kufungwa kama ulipiga, na uwaulize swali moja, wakujibu kwa maandishi: matengenezo haya yalipangwa lini? Wakikujibu tarehe iliyo kabla ya siku uliyonunua tiketi, dai lako limesimama. Lete jibu lao hapa, nitakusaidia kulisoma.