Maswali na majibu: Kiingereza cha kwetu na sikio la anayetusikiliza

Wiki hii maswali karibu yote yamehusu lafudhi ya Kiingereza, na mengi yameandikwa kwa uchungu. Nayajibu kwa jinsi ninavyolijua jambo hili baada ya miaka mingi ya kulifundisha.

Shikamoo mwalimu. Ni kijana wa Tukuyu, nimemaliza diploma ya ugavi. Kwenye usaili nilitaka kusema "ready to learn", ikatoka "ledi tu len". Wasaili wawili wakatazamana, wakacheka. Kazi sikupata. Tangu siku hiyo nikitakiwa kusema Kiingereza mbele ya watu koo linanikauka. Ulimi huu utanyooka?

Marahaba mwanangu, pole sana. Ulimi wako haujapinda. Umelelewa na Kinyakyusa, na Kinyakyusa kina l lakini hakina r. Mtoto hushika zile sauti zinazotenganisha maneno ya nyumbani kwao. Zisizotenganisha kitu, sikio linaziacha zipite. Kwa hiyo shida yako imeanzia sikioni kabla ya kufika mdomoni. Mjapani naye anahangaika na sauti hizi hizi mbili.

Anza na Kiswahili. Chukua "kura" na "kula", "mahari" na "mahali". Mtafute mtu mwenye r nzuri akusomee maneno hayo huku umempa mgongo, nawe unyooshe kidole kimoja ukisikia r, viwili ukisikia l. Usitamke chochote mpaka upatie mara tisa kati ya kumi. Hapo sasa simama mbele ya kioo. Kwenye l, ncha ya ulimi inagusa ufizi nyuma ya meno ya juu na kutulia hapo. Kwenye r ya Kiswahili inagonga na kuachia. R ya Kiingereza haigusi popote: ulimi unarudi nyuma kidogo na midomo inajiviringa. Dakika kumi kila jioni zinatosha. Nimewaona wanafunzi wa Rungwe na Busokelo wakiipata kwa miezi michache.

Kuhusu wale wasaili, fungua Waamuzi 12. Watu wa Gileadi walivishika vivuko vya Yordani, na kila aliyetaka kuvuka aliambiwa atamke "Shibolethi". Mwefraimu, adui yao, alisema "Sibolethi", akakamatwa na kuuawa. Biblia inataja watu 42,000. Tofauti ni sh na s tu. Hawakuwa wanapima akili ya mtu wala kazi yake, walitaka kujua ametokea upande gani. Kicheko cha wasaili wako kilipima kitu hicho hicho. Maneno yako waliyaelewa, la sivyo wasingecheka.

Mwanangu yupo darasa la nne, shule ya mchepuo wa Kiingereza hapa Mafinga. Mwalimu wao anatamka "car" kama "kaa", bila r. Kwenye katuni anaisikia r kabisa. Sasa ananisahihisha hata mimi mama yake, ninayeitamka r. Sahihi ni ipi?

Zote mbili, mama. Zamani Waingereza waliitamka r hiyo, ndiyo maana mpaka leo inaandikwa. Kusini-mashariki mwa Uingereza, London ikiwemo, watu waliiacha taratibu, na katika karne ya 18 uachaji huo ukashika kasi. Scotland, Ireland na sehemu kubwa ya Marekani wamebaki nayo. Tena si r peke yake. "Bath" ya London ina a ndefu, ya Leeds, mji wa kaskazini, ina a fupi. "Cup" ukiisikia kaskazini mwa Uingereza ina u, karibu na "kup".

Ninachotaka mwanao akijue ni hiki: hakuna sauti iliyozaliwa na heshima, heshima hupewa na watu. Mwaka 1962 mwanaisimu William Labov aliingia maduka matatu makubwa ya New York akawauliza wauzaji mahali pa kupata bidhaa ambayo yeye alijua iko ghorofa ya nne. Alitaka wajibu "fourth floor", maneno yenye r mbili. Kwenye duka la matajiri r ilisikika zaidi, na kwenye duka la bei nafuu ilififia. London ni kinyume chake, huko msomi ndiye anayeidondosha. Sauti ni ile ile, ukivuka bahari inageuka kutoka ya watu wa juu kuwa ya watu wa chini.

Waingereza wenyewe wamebaguana kwa haya, na wakati mwingine kwa ukali. Mwaka 1941, katikati ya vita, BBC ilimweka Wilfred Pickles, mtu wa Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, asome habari za taifa kwa lafudhi ya kwao. Wasikilizaji walilalamika, wengine wakasema habari zikisomwa hivyo haziaminiki. Habari zilikuwa zile zile. Na ile lafudhi waliyoizoea redioni, inayofundishwa duniani kote kama Kiingereza safi, mwanaisimu Peter Trudgill alikadiria katika miaka ya 1970 kwamba inasemwa na kama asilimia 3 tu ya Waingereza.

Mwache mtoto afuate ya mwalimu wake, asichanganye kwenye sentensi moja. Akikusahihisha, mwambie kwa upole kwamba r ya mama inasemwa Edinburgh, huko Scotland.

Naendesha lori, Tunduma hadi Lubumbashi. Madereva wa Kenya wananiambia nakosea nikitamka "work" kama "wek", eti ni "wak".

Kaka, irabu ya Mwingereza kwenye "work" haimo kati ya irabu zetu tano, kwa hiyo kila mmoja anachukua iliyo jirani. Wakenya wengi wameangukia kwenye a, Watanzania wengi kwenye e. Kiswahili chenyewe kimepokea njia zote mbili: "nurse" imekuwa nesi, "shirt" imekuwa shati. Hujakosea.

Nasoma kidato cha tano Mbeya, nataka urubani. Th ya "three" inanishinda. Itanikwamisha?

Haitakukwamisha. Kwa kanuni za ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, rubani anayekuja kutua Songwe akitaja 3 redioni anatakiwa kusema "tri", na 9 ni "naina", ili namba zisikike katikati ya makelele. Shirika hilo lilianza kudai kiwango cha Kiingereza mwaka 2008, na kiwango cha nne, kinachotosha kuruka, kinakubali lafudhi ya lugha ya nyumbani ilimradi isizuie kueleweka mara kwa mara. Halafu th unayo tayari, mwanangu. Sema "thelathini", kisha "dhambi", bila kuzigeuza kuwa "selasini" na "zambi". Ya kwanza ndiyo ya "three", ya pili ndiyo ya "this".

Nina nyumba ya wageni Iringa mjini, tunapokea watalii wa Ruaha. Je, ni vibaya kuchagua mhudumu wa mapokezi kwa lafudhi yake?

Chagua anayeeleweka na anayejua kusikiliza. Lakini jihadhari na sikio lako mwenyewe. Mwaka 1992 mtafiti Donald Rubin, huko Marekani, aliwasikilizisha wanafunzi mhadhara mmoja uliorekodiwa. Kundi moja lilionyeshwa picha ya mzungu, lingine picha ya mtu wa Asia. Waliomwona wa Asia walisema wamesikia lafudhi ya kigeni, na hawakuelewa vizuri kama wenzao, ingawa sauti ilikuwa moja. Siku ya usaili, wasikilize waombaji kwa simu kabla hujaona uso wala kabila kwenye barua. Wageni wako Wajerumani na Waitaliano nao wana lafudhi zao.

Mwalimu mwenzio, Makambako. Mwanafunzi akikosea matamshi nimkatize?

Usimkatize. Mwanaisimu Jennifer Jenkins, kwenye utafiti alioutoa mwaka 2000, aliona kwamba watu wasio Waingereza wakiongea wao kwa wao, th haiwapotezi. Kinachowapoteza ni urefu wa irabu, konsonanti zinazodondoshwa mwanzoni mwa neno, na mkazo unaowekwa kwenye neno lisilohusika. Nguvu yako iweke hapo.

Mwaka wangu wa pili kazini, binti wa kidato cha kwanza alisimama kusoma, akafika kwenye "river", akasema "liva". Darasa likaangua kicheko. Nikamsahihisha nikaendelea na somo. Binti yule hakusoma tena kwa sauti mbele yangu mpaka anamaliza kidato cha nne. Nikimuuliza swali aliniandikia jibu kwenye karatasi, akaleta mezani kwa mikono miwili. Karatasi zile zilikuwa na Kiingereza kizuri. Inaniuma hadi leo.

Siku hizi namwacha mtoto amalize aya yote. Kisha mimi naisoma ile sentensi, na darasa zima linairudia pamoja, naye akiwemo. Kicheko nakikata palepale, kabla hajakaa.