Jibu: Nyumba ya Kaiser kule Uholanzi bado ipo?

Mkuu, umeuliza kama ile nyumba aliyokimbilia Kaiser (mfalme mkuu wa Ujerumani) Wilhelm II, yule aliyetawala Tanganyika kutoka Berlin, ilibomolewa. Hapana, ipo. Inaitwa Huis Doorn, mkoa wa Utrecht.

Alivuka mpaka Novemba 1918 baada ya kupoteza ufalme, akahifadhiwa kwanza kwenye ngome ya Amerongen. Mwaka 1919 akainunua Doorn, akahamia 1920. Na hakuhamia mikono mitupu! Vitu vyake vililetwa Uholanzi kwa mabehewa 59 ya treni: samani, michoro, vyombo vya fedha, sare, hadi vikopo vya ugoro vya Frederick Mkuu, mfalme wa zamani wa Prussia. Uhamisho gani huo? Kazi yake kubwa ikawa kupasua kuni, na kwenye meza yake ya kuandikia alikalia kiti cha tandiko la farasi.

Alifariki 1941, akazikwa humo humo bustanini. Vita vilipoisha, 1945 serikali ya Uholanzi iliitaifisha kama mali ya adui, na 1956 ikafunguliwa kama makumbusho. Kwa maoni yangu kutaifishwa huko ndiko kulikoiokoa. Vyombo vingebaki kwa warithi vingeshagawanywa na kuuzwa kimoja kimoja.