Barua kwa mwanangu: maji yanajaa saa ngapi Skegness

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Sisi huku hatujambo, alhamdulillah. Kaskazi linavuma, joto la Februari unalijua, na shangazi yako anakusalimu sana.

Nimeyapata maswali yako. Umeuliza, nikija Uingereza Mei, unikodie nyumba ya msituni kule Sherwood, Ijumaa mpaka Jumatatu, au tuchukue karavani kule pwani, Skegness, kama tulivyokwenda mlipokuwa wadogo. Umesema nichague mimi kwa kuwa mgeni ni mimi, na unataka jibu mapema kabla bei haijapanda. Bei hizo nazifahamu. Nimekaa Leicester miaka ya kutosha kujua kwamba nyumba ile ile, kitanda kile kile, ikifika wiki ya likizo ya skuli huwa na bei nyingine kabisa.

Kwanza nikwambie lile ulilokwisha kulisikia: siku tatu hazipumzishi mtu. Siku ya kwanza unafungua mizigo, ya mwisho unaifunga, na ile ya katikati unatafuta soksi za watoto. Nilimwambia hivyo babaako mwaka 1996, na leo nakwambia wewe.

Picha za Sherwood nimezitazama zote. Nyumba nzuri, miti mirefu, gari mnaliacha kwenye maegesho na kutembea kwa baiskeli, hakuna wa kumgonga mtoto. Hilo nimelipenda. Yule Mholanzi aliyeanzisha Center Parcs, hizo nyumba za likizo za msituni, mwaka 1968, Piet Derksen, alikuwa na maduka ya vifaa vya michezo, na inaonekana alikuwa mtu aliyefikiri juu ya watoto. Hapo Sherwood wamefungua tangu 1987, kwa hiyo zama zetu palikuwepo, ila sisi hatukuwa na fedha ile. Na hilo bwawa chini ya paa la kioo, umeniandikia kwamba maji yake ni nyuzi 29.5 mwaka mzima, nje theluji ikianguka au isianguke. Nikacheka peke yangu. Nyuzi hizo ni bahari ya Jambiani, huku kwetu Unguja, mwezi wa Machi, kaskazi linapomalizika. Bibi yako alisimama ndani ya maji kama hayo akifunga mwani kwenye kamba tangu walipoanza ile kazi, mwishoni mwa miaka ya themanini, wala hakuna aliyemwambia yuko mapumzikoni.

Lakini sitaki kusema vibaya. Mjukuu wangu mdogo ana kifua, na maji ya uvuguvugu yatamfaa. Naliandika hili ili usidhani nimelisahau.

Sasa Skegness.

Wewe ukisimulia, hata siku ya harusi yako ulisimulia, husema: baba alitufundisha kuogelea Skegness. Watu hufurahi, na mimi hunyamaza. Nataka leo nikwambie ilivyokuwa, maana wewe ulikuwa na miaka saba na mdogo wako minne, na kuna kitu kimoja hukukiona.

Karavani ilikuwa ya yule mwenzake babaako wa kiwanda cha soksi. Alituachia kwa bei ya kirafiki, naye na mkewe walikuwa na nyingine ya ndugu yao mstari wa nyuma. Ndiye aliyemsimulia babaako habari za pale: kwamba mamake alikuja akiwa mtoto, kambi ya likizo ya Butlin ilipokuwa mpya. Butlin mwenyewe kazaliwa Cape Town, na alifungua pale Skegness mwaka 1936, kwa sababu aliona familia zimepanga vyumba pwani, mwenye nyumba anawatoa asubuhi na hawaruhusiwi kurudi mpaka jioni, hata kama mvua inawanyeshea na watoto. Halafu 1938 ikaja sheria ya likizo yenye malipo. Babaako aliipenda sana habari hiyo. Alikuwa akirudia jikoni, likizo yenye malipo, likizo yenye malipo, kama mtu anayeonja tende. Kwao hakuna aliyewahi kulipwa kwa kukaa.

Basi ilikuwa Jumamosi, tarehe 1 Juni 1996, mwisho wa ile likizo fupi ya Mei. Tarehe siisahau, kwa sababu babaako aliihesabu kwa mwezi: kumi na nne Mfungo Nne, mwezi mpevu, bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita siku nyingine. Wiki nzima wimbo ulikuwa huo. Jumamosi bamvua, nitakufundisheni kuogelea kama nilivyofundishwa mimi. Akapiga hesabu kama wanavyopiga kwao. Bamvua Jambiani maji hujaa saa kumi, ya alasiri na ya alfajiri, na hukupwa kiasi cha saa nne. Kwa hiyo, akasema, saa saba tunateremka na chakula, tunakula, tunapumzika, saa kumi tunaingia majini.

Saa saba tukateremka na kapu letu, katlesi, mkate wa mayai, chupa ya chai. Bahari haikuwepo.

Mchanga mtupu, mpana kushinda viwanja vya Maisara, na kule mwisho kabisa mstari mwembamba wa rangi ya chai ya maziwa. Wewe ukauliza, baba, bahari iko wapi? Akakujibu imekwenda kupokea wageni, saa kumi itarudi. Tukakaa. Saa kumi ikafika, maji bado yako mbali. Upepo unatumwagia mchanga kwenye katlesi, mdogo wako analia, na mimi miguu imenifa ganzi. Hapo wakaja yule mwenzake na mkewe kutujulia hali. Wakasimama, wakauliza kwa upole kama mtoto ana njaa.

Mimi nikamgeukia babaako, na mbele yao, kwa Kiingereza, nikamwambia: mtu mzima wa pwani, hata maji kujaa na kupwa huyajui.

Wakacheka. Hawakuwa na ubaya, ilikuwa maneno ya mke na mume. Babaako naye akacheka, ila alicheka kwa meno tu.

Mwanangu, lile neno kwa Kiswahili lingekuwa la ndani. Ningelisema, angenijibu, tungegombana na kupatana kabla chai haijapoa. Nilichagua Kiingereza ili walisikie. Na nilijua ninalofanya. Kiwandani walikuwa wamemkata jina miaka mingi, wakimwita kijina cha kuwarahisishia wao, naye akiitika. Kitu kimoja alichokuwa akikijua kuliko wao wote ilikuwa bahari. Ndicho nilichomvua pale mchangani.

Hakunijibu. Alikunja suruali, akamchukua mdogo wako begani na wewe mkono, akasema twendeni tukatafute pweza, maji yakiwa makavu ndipo pweza anapopatikana. Mkaenda. Nikawatazama mnakuwa wadogo, wadogo, mpaka nikashindwa kujua yupi ni yupi. Pweza hapakuwa, hakuna mwamba pale, ni mchanga na matope. Mkarudi na makombe mawili na mfupa wa ngisi, ambao uliuweka kwenye dirisha la chumba chako mpaka tulipohama nyumba.

Naye alirudi uso umebadilika. Huko mbali walikutana na mzee mmoja na mbwa wake, akamchorea mchangani kwa fimbo. Akaja kunieleza mimi, mimi niliyemtia aibu, kwa furaha kama aliyeokota dhahabu. Maji ya upande ule, akasema, huingia kwa juu, kutoka Scotland, yakishuka mji baada ya mji ubavuni mwa Uingereza, na kila mji yanafika kwa saa yake. Mwezi ni huu huu wetu. Siku ya mwezi mpevu Skegness yanafika karibu saa moja jioni. Hesabu yangu haikuwa mbovu, akasema, nimeipigia pwani nyingine.

Mimi nilikuwa nakung'uta mchanga kwenye kapu. Nikasema, haya.

Saa moja mlikuwa mmeshalala, wote wawili, mmechoshwa na ile safari ya pweza. Saa moja na nusu akawaamsha. Kule Juni, unajua, saa hiyo jua bado lipo, Magharibi haiingii mpaka saa tatu na kitu. Akawafunga mablanketi, nikapiga kelele watashikwa na homa, akatoka nao hivyo hivyo, wewe na gauni lako la kulalia. Nikachukua taulo nikafuata.

Bahari ilikuwa imerudi. Ule mchanga wote wa mchana haupo tena, maji yamepanda mpaka karibu na ngazi, yanapiga. Si maji ya kuingiwa na mtu, ni baridi ya kuuma mfupa. Babaako akaingia na suruali yake mpaka kiunoni, akakuita, ukaenda, ukapiga ukelele mpaka watu wakageuka. Akakutia kiganja chini ya mgongo akasema, lala, usipigane nayo, lala. Ukalala. Ukaelea, mwanangu, sijui kwa muda gani, labda nusu dakika, gauni limejaa maji kama tanga, na wewe unacheka unatazama juu.

Kisha akanitazama mimi pale kwenye ngazi. Hakutazama kwa kunisuta. Alitazama kama anayeuliza, umeona? Pale ndipo palikuwa pa kusema neno, na mimi nikasema, wafunike, wana baridi.

Basi. Ndicho hukukiona.

Nasema siku tatu hazipumzishi mtu, na sikupumzika, nilirudi Leicester nimechoka kuliko nilivyotoka, na Jumanne nilikuwa kazini macho mekundu. Kwa hilo sibadilishi kauli. Lakini nikikaa hapa barazani na kuhesabu siku zangu zote za Uingereza, za mwaka hadi mwaka, kazi, basi, soko, kazi, nyingi zimepotea, siwezi kukwambia Jumamosi ya kabla ya ile tulifanya nini. Ile ninayo saa kwa saa. Sasa nisemeje? Labda kupumzika si neno lake. Labda mimi nimekuwa nikizidai siku tatu kitu ambacho hazikuwahi kuahidi. Lakini mizigo ni kweli unafungua na kufunga, hilo hakuna atakayenibishia.

Unazikumbuka zile namba za penseli kwenye kalenda ya jikoni? Mlidhani ni za mita ya gesi. Kila tarehe namba mbili, moja juu ya nyingine. Ya juu ni maji ya Jambiani, ya chini ni Skegness. Mwezi mpevu juu saa kumi, chini saa moja, na kila siku akisogeza dakika hamsini hivi. Ameandika hivyo mwaka hadi mwaka, ndani ya Leicester, mji ambao hata ukipanda juu ya paa huoni bahari. Mdogo wako ndiye aliyeuliza siku moja akaoneshwa. Mimi sikuuliza. Nilijua zimeanza lini.

Sikuwahi kumwomba radhi kwa jambo lile peke yake. Nilimwomba kwa mengi, mwisho wake, hospitali, kama watu wanavyoombana, nisamehe nililokukosea, naye akasema amesamehe yote na mimi nimsamehe. Lakini yote si hili. Hili nilitaka kulitaja kwa jina lake, na kila nikifungua mdomo muuguzi anaingia, au nasema kesho.

Sasa umeuliza Sherwood au Skegness. Sikuchagulii. Watoto ni wako, fedha ni zako, na kifua cha mtoto unakijua wewe. Sherwood kuna paa, kuna joto, hakuna anayekaa saa tatu kwenye upepo akisubiri maji. Mama mwenye busara angekwambia Sherwood. Nina neno langu, na linaniwasha ulimini, lakini nikilisema utalifanya hata kama halikufai, ndivyo ulivyo tangu mdogo, kwa hiyo usinibane.

Nifanyie jambo moja tu. Tazama wikiendi hiyo unayoitaka mwezi utakuwa wa ngapi, kisha uhesabu maji Skegness yanajaa saa ngapi Jumamosi. Usianze na simu. Mpigie mdogo wako mhesabu pamoja, kwa penseli, kama babaenu. Mkishapata ndipo mtazame kwenye simu kama mmepatia, mniandikie.

Na uniambie hilo jiko, la popote utakapokodi, lina sufuria kubwa au nije na yangu. Nguo ya kuogelea nimeshapeleka kwa fundi Darajani, mikono mirefu, bluu iliyoiva. Ameniuliza, bibi, unakwenda kuogelea wapi? Nikamwambia bado sijaambiwa.

Wabusu watoto.

Mama yako