Fundi Anajibu: Jiki na mipira ya mifuniko

Fundi, mpira wa presha kuka umekakamaa, mvuke unatoka pembeni. Huwa nauloweka kwenye jiki usiku kucha kutoa harufu ya maharage. Shida nini? (Morogoro)

Shida ni hiyo jiki, na ni barua ya tatu mwezi huu. Jiki haitoi harufu tu, inakula mpira wenyewe. Unakuwa mgumu, haukamati tena ukingo wa mfuniko, kisha unachanika. Ukunje katikati ya vidole: ukiona vimistari vyembamba kwenye mkunjo, tupa. Nunua wa modeli ileile; unaokaribiana haufai, na kuuzungushia nailoni ni kutafuta kuungua uso.

Harufu itolewe hivi: maji lita 1, siki vijiko 2 vya chakula, dakika 20, suuza, anika kivulini. Siki na jiki zisikutane kamwe kwenye beseni moja. Hutoka gesi ya klorini, na jiko dogo halina pa kuikimbilia.

Nipake vaselini mfuniko uteleze? (Nakuru)

Hapana. Vaselini ni zao la petroli. Mpira wa kawaida huinyonya, ukavimba na kulegea, halafu mfuniko ndio haufungi kabisa. Lowesha kwa maji.

Mpira wa mlango wa friji una ukungu mweusi kwenye mikunjo. Nitumie spiriti? (Tanga)

Mpira huo mara nyingi ni plastiki laini, na spiriti ikipakwa kila wiki hunyonya kile kinachoulainisha. Tumia maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo na mswaki wa zamani, ingia mpaka ndani ya mkunjo, kisha kausha kwa kitambaa. Ukungu haupendi pakavu. Funga mlango ukibana noti, uivute: ikitoka bila kukaza, baridi inavuja hapo. Kabla ya kununua mwingine, kanda sehemu iliyobonyea kwa kitambaa cha maji ya moto, nyingi hurudi.

Kontena langu ni la silikoni. Hilo halidhuriki, sivyo?

Linadhurika. Dawa ya oveni mara nyingi ina kostiki (kemikali kali ya kutengenezea sabuni), na kostiki kali huila silikoni. Sabuni ya maji ya mtaani iliyopimwa kostiki kwa macho nayo usiiamini: ikikuwasha vidole, usiloweke mpira humo.

Mpira wa mtungi wa gesi nisafishe kwa mafuta ya taa?

Usithubutu. Ukichakaa, peleka mtungi kwa wakala aubadilishe. Kuvuja kunapimwa kwa povu la sabuni, si kwa kiberiti.