Usipitishe nguo zako bafuni: yaliyonikuta kwenye masta yangu

Wiki iliyopita dada mmoja anayejenga Chanika alinitumia kwa WhatsApp picha ya ramani ya masta yake, yaani chumba cha kulala chenye bafu lake ndani. "Dada, naomba uniangalizie masta yangu kabla mafundi hawajaanza kupanga tofali." Niliifungua nikiwa kwenye daladala. Unaingia chumbani, unafungua mlango wa bafu, ukishalivuka bafu lote ndipo unakuta mlango wa chumba cha nguo. Moyo ulinipasuka. Ni masta yangu ileile niliyoijenga Goba mwaka 2018.

Tulipokuwa tumepanga Tabata, nguo zetu zilining'inia kwenye kamba iliyofungwa kona kwa kona juu ya kitanda. Nilijiapiza kwamba siku nikijenga nitakuwa na chumba cha nguo, na najua wewe unayesoma hapa una ndoto hiyohiyo. Basi mchoraji alipoleta ramani nikamuuliza, mbona kufika kwenye nguo ni lazima nipite bafuni? Akanijibu, "Mama, hii ndiyo ya kisasa. Unaoga, unavaa, unatoka umependeza." Nikanyamaza. Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba swali lilikuwa sahihi, nikalimeza kwa sababu yeye ndiye msomi wa ramani.

Habari za kujenga naziruka, kila aliyejenga anazijua. Tulihamia. Mwezi wa tano, masika imeshika, nikatoa suti ya mume wangu tuwahi harusi. Kwenye kola kulikuwa na unga mweupe wenye ukijani, kama mtu kainyunyizia sembe. Nikatoa viatu, vivyo hivyo. Nikavuta begi la chini ninamotunza doti ya kanga aliyonipa mama mwaka aliofariki, yenye maneno Wema hauozi. Vidoa vyeusi vilikuwa vimetapakaa pindo zima. Nimeifua kwa ndimu na chumvi, nimeianika juani siku tatu, vidoa vikafifia tu, havikutoka. Harusini nilikwenda na macho yamevimba.

Sababu ilikuwa wazi, ila hakuna aliyeniambia. Chumba kile hakikuwa na dirisha. Kila asubuhi tunaoga watu wawili kwa maji ya moto, na mlango wa nguo unafunguliwa wakati huohuo bafu limejaa mvuke. Hewa ya Dar yenyewe ina unyevu, wakati wa masika ndiyo usiseme. Ule unga na vile vidoa ni ukungu, na ukungu ukipata unyevu, giza na hewa iliyosimama, umeshapata nyumba.

Mwaka 2022 tulirekebisha, na hapa naomba nijisifu kidogo, maana wazo lilikuwa langu. Bafu hatukuligusa. Bomba la choo la inchi 4 limezikwa chini ya zege la sakafu mpaka kwenye chemba ya maji taka nje, kulihamisha ni kuvunja sakafu nzima. Tuliziba mlango wa kati kwa tofali, tukatoboa mlango mpya wa nguo kutoka chumbani, na dirisha upande wa mashariki. Kazi ya siku nne. Ukungu haujarudi.

Kwa hiyo nasema hivi: bafu lifuate bomba, nguo zifuate upepo. Bafu likae kwenye ukuta wa nje, karibu na chemba. Na huku pwani kaskazi inatoka kaskazini mashariki, kusi inatoka kusini mashariki. Msimu wowote upepo unatuingilia kwa mashariki. Kiwanja kikiruhusu, weka nguo upande huo na bafu magharibi, mvuke na harufu visukumwe nje, na jua la alasiri likaushe sakafu. Ukigeuza, harufu ya choo inalala nanyi kitandani. Dirisha la nguo liwe juu, lenye wavu na pazia zito, jua lisipaushe vitenge.

Vipimo usivisome kwenye karatasi tu. Kabla ya kuchimba msingi, mwambie fundi akupigie mambo, vile vigingi vya mti, na kamba chini, kisha tembea humo. Juzi nilimfanyia hivyo mdogo wangu kiwanjani kwake: tuligeuza ndoo ya lita 20 pale choo kitakapokaa, akaikalia, magoti yakagusa kamba ya ukuta. Pale pale fundi akasogeza. Mbele ya choo acha sentimita 60 au zaidi, na kutoka katikati ya choo hadi ukuta wa pembeni zisipungue 38. Pa kuogea, 90 kwa 90 ndiyo ya mwisho kabisa kwa udogo, na sakafu yake iteremke kuelekea kwenye tundu la maji. Kwa sisi Waislamu, kutoka Dar kibla iko karibu kaskazini kabisa, na chooni hatuielekei wala hatuipi mgongo, kwa hiyo choo kitazame mashariki au magharibi; kumwambia mchoraji ni maneno mawili, kugeuza baadaye ni kuvunja.

Kwenye nguo, kina cha kabati kiwe sentimita 60, vinginevyo mabega ya koti yanabanwa na mlango. Njia ya katikati acha 90. Nilijaza fito mbili za kutundikia nguo, juu na chini, kila mahali, madera na kanzu za mume wangu zikawa zinaburuzika. Tenga sehemu yenye urefu wa mita 1.6 bila fito ya pili.

Ndugu zangu, ulizeni. Mchoraji akikwambia ni ya kisasa, muulize mvuke utatoka nje kupitia wapi, akuoneshe kwa kidole kwenye karatasi. Akikasirika, mwache akasirike. Yeye hatalala humo, wewe utalala humo miaka 30. Uliza tena hata kama umeshauliza.

Na wewe dada wa Chanika, ramani yako nimeirudisha jana usiku nikiwa nimechora mlango kwa kalamu nyekundu upande wa chumbani. Mpigie mchoraji wako leo. Umesema mafundi wanaanza Jumatatu.